Gari la kujiundia lenye injini ya Hayabusa limekataliwa treki kwa kelele, tusaidiane kulinyamazisha

MtotoWaMagomeni:
Wakuu habari za wikiendi. Niko huku Uingereza, Midlands, na najua humu ndani kuna watu wa magari walioko huku na mafundi walioko nyumbani ndio maana nimeuleta hapa. Nina gari la kujiundia, lile umbo la Lotus Seven (kile kigari kidogo cha wazi cha michezo), chesisi ya bomba, bodi ya faiba na alumini, uzito kidogo tu, nimeweka injini ya Hayabusa ile 1299cc ya kabla ya 2008. Barabarani halina shida, nimepasi ukaguzi wa IVA (ule wa magari ya kujiundia kabla ya kusajiliwa) na namba ninayo. Sasa nimelipa siku ya treki (unalipia kuendesha gari lako kwenye uwanja wa mbio), nimeamka alfajiri, nimefika pale jamaa wa kelele anakuja na mita yake, kikomo ni 100 desibeli, mimi nasoma 105. Akapima tena ikaja 104, akasema baba paki pembeni. Hela hairudi hiyo.

Nataka nishushe angalau desibeli 6 bila kuua nguvu. Kuna wanaosema weka kizibo kwenye mdomo wa bomba tu basi, kuna wanaosema badilisha sailensa, kuna mwingine kaniambia geuza mdomo uangalie chini. Nani ana uzoefu?

Pembe_ya_Gia:
Mkuu pole. Kabla hatujaanza kutupia madawa tupe dalili. Sailensa ni ya ukubwa gani, iko wapi, na upande wa hewa umefunga nini? Na jamaa alikupima kwa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) ngapi?

MtotoWaMagomeni:
Sailensa ni moja, ya kabon, milimita 400 hivi, ilikuwa ya pikipiki. Manifoldi ni nne zinaingia moja, inatokea ubavu wa kushoto upande wa abiria, sailensa imelala ubavuni na mdomo uko mbele kidogo ya tairi la nyuma. Hewa ni throto bodi (milango ya kuingizia hewa kwenye injini) wazi zina sponji tu. Alinipima kwenye 8,250, aliniuliza redilaini (kikomo cha mizunguko ya injini) nikamwambia 11,000 akapiga robo tatu.

MzeeWaDesibeli:
Nimeendesha magari ya aina hii miaka mingi huku kwa Malkia (sasa Mfalme) na kesi yako ni ya kawaida kabisa, karibu kila mwenye injini ya pikipiki kwenye gari dogo amepita hapo. Ngoja niandike kwa kirefu.

Kwanza uelewe namba. Desibeli haziendi kwa kujumlisha kama shilingi. Ukishuka 3 umekata nusu ya nishati ya sauti, kutoka 105 kwenda 100 unatakiwa uondoe zaidi ya theluthi mbili ya nishati yote inayotoka pale mdomoni. Sikio lako litaona imepungua kidogo tu, maana mpaka sikio liseme "hii ni nusu" unahitaji kushuka kama 10. Kwa hiyo ukikaa gereji ukasema mbona naona imetulia, hujui kitu mpaka upime.

Pili, mitihani ni miwili tofauti na watu wanaichanganya. Kuna kipimo cha kusimama, maiki nusu mita kutoka mdomo wa bomba, pembeni kwa nyuzi 45, gari liko nyutro, rpm robo tatu. Pale koki ya hewa (throto) imefunguka kidogo tu maana injini haina mzigo, kwa hiyo moshi unaotoka ni mdogo. Halafu kuna kipimo cha kupita, mita iko kando ya treki na wewe unapita umekanyaga mpaka chini, pale eksozi inabeba mzigo kamili na throto bodi zako zimefunguka zote zinanguruma. Unaweza ukapasi wa kwanza vizuri ukafukuzwa saa tano kwa wa pili. Treki za huku nyingi kipimo cha kusimama kinacheza kati ya 98 na 105 kutegemea treki na siku yenyewe, lakini Bedford Autodrome wanajulikana kwa 87.5 ya kupita, na hiyo ndiyo inayoua watu wa injini za pikipiki.

Tatu, tatizo lako hasa ni ujazo. Hayabusa ikitoka Suzuki ina sailensa MBILI, kubwa, kila upande moja. Pikipiki hiyohiyo ilitakiwa ipite kipimo cha barabarani cha Ulaya cha desibeli 80 kwa umbali wa mita saba na nusu na ikapita. Wewe umechukua injini ileile ukaipa sailensa moja fupi ya resi ya milimita 400. Injini haina kosa hapo.

FundiGerezani:
Habari zenu mabosi wa Ulaya. Mimi niko Dar, Gerezani, kazi yangu kuchomelea eksozi za malori na Coaster. Gari kama hilo sijalishika lakini moshi ni moshi.

Ukileta kwangu sailensa ya Coaster imeoza nikaikata utakuta vyumba, viwili au vitatu, na mabomba yanayopishana, moshi unaingia chumba cha kwanza unarudi nyuma ndio unatafuta njia ya kutokea. Pamba unaweza usiikute kabisa. Hiyo inaua ule mngurumo mzito wa chini. Ila ya pikipiki za resi ukifungua ni bomba moja la matundu limenyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho, limezungushiwa pamba. Ukichungulia unaona upande wa pili. Hiyo inaua sauti kali ya juu tu, ule mlio wa kukata, mzito unapita kama hamna kitu.

Sasa swali langu kwa mzee hapo juu, sauti ya huyo kijana ni nzito au kali?

MzeeWaDesibeli:
Fundi umeuliza swali lenyewe. Silinda nne mipigo minne kila mzunguko inalipuka mara mbili. 8,250 gawa kwa 60 zidisha mara mbili unapata 275 hezi (mitetemo kwa sekunde). Hiyo ndio sauti mama, halafu juu yake kuna watoto wake 550, 825 na kuendelea. 275 sio nzito kama lori lakini pia sio kali kwa pamba ya kisailensa kidogo kuimaliza. Pamba inafanya kazi vizuri kuanzia kwenye mamia mengi ya hezi kwenda juu, na ikiwa nene zaidi ndio inashuka chini zaidi. Sailensa ya kabon ya pikipiki unene wa pamba ni sentimita mbili mbili tu kuzunguka bomba. Ndio maana inalia vile.

FundiGerezani:
Basi ni kama nilivyodhani. Boksa ya bodaboda silinda moja, kwenye 6,000 ni 50 hezi tu, ndio maana vijana wakikata sailensa inabweka. Ya kwako bosi imekaa katikati. Inataka vyote, chumba na pamba. Ningekuwa na gari hapa ningekuwekea chumba kitupu mara tu baada ya manifoldi kuungana, halafu sailensa ndefu ya pamba baada yake.

mse_wa_athi_river:
Wasee mimi nilisoma mahali kuhusu ile bomba ya robo wimbi, unachomelea bomba ya pembeni imezibwa mwisho, sauti inaingia inarudi ikiwa imepinduka inajiua yenyewe. Kama test inafanywa rpm moja tu si unatune hiyo bomba kwa hiyo rpm moja unapita? Hesabu: gesi ikiwa moto kama nyuzi 350 sauti inaenda kama mita 500 kwa sekunde, 500 gawa kwa 275 ni mita 1.8, robo yake sentimita 45. Bomba ya 45cm buda, kwisha.

Pembe_ya_Gia:
Hahaha huyu kaja na mtihani wa kuiba.

MzeeWaDesibeli:
Hesabu yako iko sawa ndugu wa Athi River na hicho kitu kinafanya kazi kweli, magari mengi ya kiwandani yanayo yamefichwa. Lakini kinaua kamstari kembamba tu ka sauti. Moshi ukipoa au ukipata moto zaidi urefu unaotakiwa unabadilika, na jamaa wa mita hata akikosea kwa rpm mia tano umeshatoka nje ya mstari. Kubwa zaidi ni kwamba ukishaingia treki unazunguka kati ya 7,000 na 11,000 muda wote, lile bomba linakaa pale kama pambo. Kipimo cha kusimama umepasi, cha kupita umefeli, na sasa umeshachomelea sentimita 45 za bomba kwenye gari lisilo na nafasi. Kama ana nafasi aweke chumba, kinafanya kazi kwenye upana mkubwa zaidi.

mse_wa_athi_river:
Sawa nimekubali mzee. Bado naona ni idea poa 😂

Binti_wa_Sheria:
Naomba niulize, hivi hizo treki kwa nini wana roho mbaya hivyo? Mtu kalipa, kaja, mnamrudisha kwa desibeli nne.

Yakhe_Leicester:
Dada sio roho mbaya, ni majirani. Mimi nakaa huku na nimefuatilia haya. Treki ya Croft kule North Yorkshire majirani waliwapeleka mahakamani kwa kelele, na mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ikaamua siku zenye kelele kubwa zisizidi 40 kwa mwaka, mbali na fidia ya kiasi cha pauni laki moja na nusu ambayo walishaamriwa kulipa. Treki ilikuwepo kabla ya wao kuhamia lakini haikusaidia. Baadaye 2014 Mahakama ya Juu nayo ikaamua kesi ya uwanja wa spidiwei na motokrosi huko Suffolk, nayo ikasema kuhamia karibu na kelele hakukunyimi haki ya kulalamika. Tangu hapo kila mwenye treki anajua gari moja lenye kelele linaweza likamletea barua ya wakili. Yule wa mita ndiye anayewawekea leseni hai. Mimi nikipigwa stop siwezi kugombana naye kabisa, nampa mkono.

Binti_wa_Sheria:
Ahsante sheikh nimeelewa. Kwa hiyo siku nyingine za mwaka ni za kelele nyingine za kimya?

Yakhe_Leicester:
Naam. Treki nyingi zina siku chache za kelele na nyingi za kimya, mwenye gari la kelele anatafuta zile chache na zinajaa haraka na bei iko juu. Gari likiwa kimya una kalenda nzima.

MtotoWaMagomeni:
Nimesoma yote wakuu, nashukuru sana. Sasa niambieni kuhusu kile kizibo, maana ndio cha bei rahisi. Pauni thelathini tu.

Pembe_ya_Gia:
Kizibo kinashusha, usidanganywe kwamba hakishushi. Kinabana tundu la kutokea, moshi unapata shida kutoka, sauti inapungua. Lakini kwenye injini inayopumua kama Hayabusa kwa 10,000 rpm unabana pale pale inapotoa nguvu zake, na koo la kizibo linapiga filimbi kali ambayo nayo mita inaisikia. Mimi nakiweka kwenye begi kama dawa ya dharura ya asubuhi, sikitegemei. Na hakikisha boliti yake imekaza, kimoja nilishakiona kinaruka kama risasi kwenye pit.

MzeeWaDesibeli:
Sawa kabisa. Na kuhusu mdomo kuangalia chini, inategemea. Sauti kali inaenda kwa mwelekeo kama tochi, nzito inasambaa kila upande. Ukigeuza mdomo unapunguza ile kali tu kwa aliyesimama pembeni, na maiki ya kusimama inapimwa kutoka mdomo wenyewe popote ulipo kwa hiyo hapo faida ni ndogo, na lami inarudisha sauti juu. Faida kubwa iko kwenye kipimo cha kupita. Fikiria: injini za pikipiki kwenye umbo la Seven zinageuzwa ili sproketi (gia ya mnyororo) iangalie nyuma kwenye shafti ya tairi za nyuma, ndio maana mdomo wa eksozi wa kila mtu uko kushoto. Treki nyingi za huku zinazunguka kwa mwendo wa saa, kwa hiyo kushoto ni nje ya treki. Mita ikiwa upande wa nje, bomba lako linaiangalia usoni. Urefushe ubebe mpaka nyuma ya tairi, uangalie nyuma na ndani kidogo, hapo utaona tofauti.

Halafu usisahau hewa. Hapa ndio watu wanapoteza hela. Chukulia eksozi inatoa 95 na throto bodi wazi zinatoa 95 kwa mita ya pembeni, jumla ni 98. Ukiinyamazisha eksozi mpaka ZIRO kabisa bado una 95, umeshuka 3 tu. Pikipiki ilikuja na boksi la hewa, halikuwekwa pale kwa urembo, lina ujazo na koo la kunyonyea lililokaliwa chini na mainjinia. Tafuta boksi, hata la kujiundia kwa faiba, sentimita chache za sponji ndani, koo liangalie mbele au chini ya boneti, lisiangalie pembeni. Kwa kipimo cha kusimama utaona mabadiliko madogo, kwa cha kupita unaweza ukashangaa.

FundiGerezani:
Naongeza moja la kigereji. Kabla hujanunua chochote ziba mdomo wa bomba kwa tambara nene (vaa glavu) injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta. Ikizima mara moja bomba lako halivuji. Ikiendelea kuunguruma sikiliza fyuuu inatokea wapi, hapo panavuja. Viungo vya kuchomeka vya kushikwa na springi huwa vinavuja sana, na mivujo inaleta kelele mbaya, inavuta hewa ndani, ukiachia mafuta inapiga paa paa paa. Hiyo paa ndiyo mita inaikamata.

MtotoWaMagomeni:
Fundi nimefanya hiyo leo, haikuzima. Inavuja pale manifoldi zinapoungana na pia mwanzo wa sailensa. Nimepaka silikoni ya joto na nimeongeza klampu. Kazi ya tambara na dakika kumi, halafu mimi nilikuwa tayari kutoa mamia ya pauni.

Kisiki_cha_Mpingo:
Kuhusu sailensa yenyewe mkuu usinunue ya kufungwa moja kwa moja, chukua ile yenye riveti uweze kubadilisha pamba. Kwenye injini hizi pamba inaungua na kupeperuka, msimu mmoja wa treki ukifungua unaweza kukuta mifupa. Ukipanga upya anza na sufi ya stenlesi kuzunguka bomba la matundu, hiyo inavumilia moto na inazuia pamba isinyonywe kupitia matundu, halafu juu yake nyuzi ndefu za kioo au za basalti, usitumie sufi ya dari ya nyumba maana inayeyuka na kutoka kama theluji nyuma ya gari. Usishindilie ikawa ngumu kama ubao maana haitanyonya sauti, wala usiache ikacheza. Vaa barakoa na mikono mirefu, ile kioo inawasha mpaka kesho yake.

Na ganda. Kabon na titaniamu nyembamba ni nyepesi lakini sauti inapita kwenye ganda lenyewe. Stenlesi yenye unene ni nzito kidogo ila kimya. Kwa gari lako uzito wa kilo mbili haukuui, uko chini na uko katikati.

MtotoWaMagomeni:
Abiria wangu (shemeji yenu) analalamika mguu unaungua tayari, sailensa kubwa zaidi si ndio itamchoma?

Kisiki_cha_Mpingo:
Weka kinga ya bati lenye matundu, acha nafasi ya hewa kati yake na sailensa, usilibane kwenye ganda. Na usifunge sailensa yenyewe utepe wa joto, joto likibaki ndani pamba inakufa haraka.

MtotoWaMagomeni:
MREJESHO wakuu.

Nimepata fundi wa huku kachomelea chumba cha stenlesi baada ya manifoldi kuungana, kimelala chini ya ubavu, kikafuatiwa na sailensa ya milimita 600 yenye kipenyo kikubwa, bomba la ndani saizi ileile ya mwanzo ili lisibane, na mkia umepita tairi la nyuma unaangalia nyuma. Boksi la hewa nimetengeneza mwenyewe la faiba, sura yake mbaya sana lakini boneti inalificha. Rpm ileile 8,250, nimesoma 97. Nguvu sijaenda kuipima kwenye dainamomita lakini kwa makalio sioni imepungua, labda juu kabisa.

Tatizo lililobaki: mchana jamaa wa mita ya kupita akaniita akasema niko sawa kwenye moja kwa moja ila nikiachia mafuta kabla ya kona kuna vilele vinagusa kikomo. Ni ile paa paa. Mivujo nimeshaimaliza, nimeziba tena kwa tambara injini inakufa mara moja.

MzeeWaDesibeli:
Hongera sana. Hiyo sasa ni mafuta. Kompyuta yako inaendelea kumwaga petroli koki ikifungwa, inaenda kuwakia kwenye bomba la moto. Mwambie anayekufanyia mepu (mpangilio wa kompyuta ya injini) akate mafuta kabisa koki ikiwa imefungwa juu ya rpm fulani, ayarudishe rpm zikishuka karibu na mwendo wa kusimama ili injini isizime. Mpaka utakapomuona, badilisha gia mapema sehemu yenye mita, pita na gia ya juu kwa 8,500 badala ya 10,500, na uachie mafuta taratibu badala ya kunyanyua mguu ghafla. Kwa mzunguko mmoja unapoteza nukta chache za sekunde na hakuna anayekupa kombe siku ya treki.

mse_wa_athi_river:
97!! Hata bila bomba yangu ya robo wimbi. Napiga saluti.

Kisiki_cha_Mpingo:
Safi mkuu. Ukimaliza hapo chukua ile sailensa mpya ipime uzito kwenye mizani ikiwa pamba ni mpya, andika namba kwa peni ya rangi kwenye bati la kinga. Kila baada ya siku chache za treki itoe upime tena. Ikianza kupungua uzito ujue pamba inaondoka, fungua upange upya kabla jamaa wa mita hajakwambia yeye. Tuma picha ya hilo boksi la hewa basi tuone huo ubaya.